Mikono ya Mama: Feruzi hung'aa kwa maji



Tumepokea barua ya mama mmoja ambaye dada yake anaishi Marekani, katika jimbo la Arizona. Dada huyo alipokuja likizo alimletea kifuko cha mawe madogo ya feruzi, yale mawe ya samawati inayoelekea kijani, yakiwa bado ghafi. Mama huyu ana watoto watatu shuleni. Anauliza: je, anaweza kuyang'arisha mwenyewe nyumbani, bila mashine, ayafanye vidani na kuuza, apate chochote cha kuongezea kwenye ada?

Jibu letu ni ndiyo. Feruzi si jiwe gumu mno, na mikono ya mama mwenye subira inatosha. Lakini kuna sharti moja ambalo hatutaki alikute mwishoni, wakati amekwisha kuanza kazi. Sharti hilo ni maji. Jiwe lisisuguliwe likiwa kavu, hata kwa dakika moja. Tutaeleza sababu kwanza, kisha tutaonyesha kazi yenyewe hatua kwa hatua.

KOSA LETU WENYEWE

Sisi tunaoandika ukurasa huu hatupendi kumfundisha mwenzetu jambo ambalo hatujalijaribu. Tulipoanza kujifunza kazi hii tulikaa mezani, ile meza tunayolia chakula, tukiwa na mawe matatu na msasa wa kawaida wa seremala. Tulisugua makavu. Maongezi yalikuwa matamu, saa zikapita, wala hatukuona ubaya wowote.

Kisha mtoto mmoja akaja mezani na daftari lake. Kabla hajalifungua, alichora nyumba kwa kidole juu ya meza: paa, mlango na dirisha. Mchoro ulionekana vizuri kabisa, kwa sababu meza nzima ilikuwa imefunikwa na unga mwembamba wa rangi ya samawati. Unga ule ulikuwa kwenye sahani, kwenye kitambaa kilichofunika maandazi, na kwenye nywele zetu. Na kama ulikuwa katika sehemu zote hizo, basi ulikuwa pia vifuani mwetu na kifuani mwa mtoto yule. Siku ile tuliacha kazi, tukaanza kuuliza wanaojua.

VUMBI LA JIWE SI VUMBI LA NJIANI

Feruzi imeumbika kwa madini ya shaba na alumini yaliyoungana na fosfeti na maji. Shaba ndiyo inayoipa rangi yake nzuri. Unga wa madini hayo si kitu cha kuvuta puani. Zaidi ya hayo, mara nyingi feruzi hutoka ardhini ikiwa imeshikamana na mwamba wake, ile mishipa ya kahawia au nyeusi tunayoiona ndani ya jiwe, na mwamba huo waweza kuwa na silika, yaani madini yale yale yaliyomo katika mchanga na kioo. Vumbi laini la silika likiingia kifuani halitoki. Hukwaruza mapafu kidogo kidogo mpaka yanakuwa na makovu, na mtu anakosa pumzi. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na humfanya mgonjwa ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Hatusemi haya ili kumtisha mtu. Upo mji uitwao Khambhat, katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Kwa karne nyingi watu wa huko wamechonga na kung'arisha mawe ya akiki, na shanga za akiki zilivuka bahari hadi kwetu. Wataalamu wa mambo ya kale wamezifukua katika magofu ya miji ya pwani yetu, kama vile Kilwa. Huko Khambhat kazi hii hufanyika majumbani na uani, familia nzima pamoja. Akiki ni silika tupu. Watafiti wa afya wa India wamewakuta wasaga mawe wengi wakiwa na silikosisi, na si wao tu, bali hata watu wanaoishi karibu ambao hawakuwahi kushika jiwe. Na hapa kwetu Tanzania, ugonjwa huo huo umegunduliwa kwa wachimbaji wadogo wa tanzanaiti kule Mererani.

Feruzi haina silika nyingi kama akiki, na mama anayesugua mawe machache hawezi kulinganishwa na mtu anayesaga kutwa nzima kwa miaka. Lakini mapafu ya mtoto ni madogo, na nyumba zetu nyingi zina chumba kimoja au viwili. Hakuna ada ya shule inayostahili kulipwa kwa pumzi ya mwanafunzi mwenyewe.

Ashukuriwe Mungu, kinga yake ni rahisi. Vumbi lililolowa haliruki. Wanawake wa Tabaka, kule Kisii, wanaosugua vinyago vya mawe ya sabuni, hukaa na beseni la maji na kusugua humo humo majini. Tena wanapata faida ya pili, kwa sababu maji huondoa unga wa jiwe usizibe msasa, na jiwe hutoka laini zaidi. Maji yale yale yanayolinda kifua ndiyo yanayoleta mng'aro.

JIWE LILILOTOKA MBALI

Yafaa mama ajue anachoshika. Neno feruzi limetujia kutoka Kiajemi kwa njia ya Kiarabu, na asili yake inahusiana na ushindi. Waajemi wamelichimba jiwe hili karibu na mji wa Nishapur kwa karne nyingi sana. Mafarao wa Misri nao walilichimba katika rasi ya Sinai, nchi ile ile ambayo wana wa Israeli walipita jangwani. Huko Marekani, Wazuni wa New Mexico husifika kwa kazi hii mpaka leo, nao huifanya nyumbani: mume anachonga, mke anang'arisha, watoto wanajifunza kwa kutazama. Kwa hiyo, mama, kung'arisha feruzi nyumbani si jambo la ajabu. Familia nyingi zimelifanya kabla yetu.

CHAGUA KABLA YA KUSUGUA

Si kila jiwe litang'aa. Weka tone moja la maji juu ya jiwe kavu. Tone likibaki juu kama umande, jiwe limeshikamana na litang'aa. Tone likinywewa mara moja, jiwe ni la vinyweleo. Likwangue kidogo kwa ukucha pembeni. Likitoa unga kama chaki, liweke kando. Unaweza kulisugua wiki nzima lisitoe mng'aro. Viwandani mawe ya namna hiyo hushindiliwa gundi maalumu ili yawe magumu, lakini gundi hizo zina mvuke mbaya, na hatumshauri mama kuzijaribu jikoni kwake.

VIFAA

1. Msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia mafundi wa rangi za magari. Nunua namba 220, 400, 600, 1000, 1500, 2000, na 3000 ukiipata. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi.

2. Beseni mbili ambazo hazitarudi jikoni tena. Ziandike kwa rangi ili mtu mwingine asizichukue.

3. Kipande cha kigae au kioo kinene, na kipande cha ndala kuukuu.

4. Kipande cha ngozi laini au jinzi nzito.

5. Unga mweupe wa kung'arishia uitwao alumina. Muulize sonara.

6. Aproni na kitambaa cha kichwa. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini. Ile iliyoandikwa N95 ndiyo inayofaa, lakini ni msaidizi tu. Mlinzi wa kwanza ni maji.

Kaa nje penye hewa, mbali na chakula, mbali na watoto wadogo. Usitumie mashine ya umeme ya mkononi: maji na umeme ni maadui, na bila maji mashine hiyo itarusha vumbi kuliko mkono.

KAZI YENYEWE

Hatua ya kwanza: kupata umbo. Weka msasa namba 220 juu ya kigae, umwagie maji, kisha sugua jiwe ukilizungusha. Anza na upande wa chini uwe bapa, halafu ondoa kingo kali, halafu lipe mgongo wa mviringo kama nusu ya yai. Kwa mgongo, weka kipande cha ndala chini ya msasa, nao utabonyea na kulifuata jiwe. Kama jiwe ni dogo na linateleza vidoleni, libandike kwenye kijiti kwa lakiri. Pasha moto lakiri, usipashe jiwe, kwa maana joto kali huharibu rangi ya feruzi. Mwisho wa kazi weka kijiti penye barafu la friji kwa dakika chache, na jiwe litabanduka lenyewe.

Hatua ya pili: kupanda ngazi. Kutoka 220 nenda 400, kisha 600, 1000, 1500, 2000. Usiruke hata moja. Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu tunauona mng'aro unakaribia nasi tuna haraka. Kila msasa una kazi moja tu: kufuta mikwaruzo ya msasa uliotangulia. Msasa namba 2000 hauna nguvu ya kufuta mkwaruzo wa 220. Utaupitia juu juu, na mwisho wa kazi mkwaruzo ule utaonekana katikati ya mng'aro kama ufa kwenye kioo, nawe utalazimika kurudi mwanzo. Sisi tumerudi mwanzo mara tatu kwa jiwe moja.

Kuna mbinu ya kukusaidia. Kwa namba moja sugua kwa urefu, kwa namba inayofuata sugua kwa upana. Mikwaruzo ya urefu ikitoweka yote, ujue umemaliza. Lakini usiliamini jiwe likiwa limelowa, kwa sababu maji hujaza mikwaruzo na kudanganya macho. Lifute, liache likauke, kisha lishike penye mwanga wa ubavuni, kama ule wa asubuhi dirishani. Ukiona mstari, rudia namba ile ile.

Kabla ya kubadili msasa, osha jiwe, osha mikono pamoja na kucha, na ubadilishe maji. Chembe moja ya msasa mkali iliyojificha chini ya ukucha yaweza kuharibu kazi ya jioni nzima.

Hatua ya tatu: kung'arisha. Ukifika namba 2000 jiwe litaanza kuonyesha uso wako kwa mbali. Ukiwa na 3000, pita nayo pia. Sasa chukua ngozi, iloweshe kidogo, paka alumina iliyokorogwa na maji mpaka iwe kama uji mzito, na usugue kwa nguvu ya wastani, kwa mizunguko midogo. Ukihisi jiwe linapata joto vidoleni, pumzika na uongeze tone la maji. Baada ya dakika kumi au kumi na tano lioshe kwa maji safi, lifute, na utazame. Ukiona mwanga wa dirisha umesimama juu ya jiwe bila kutawanyika, umefika.

Usipake mafuta ya kupikia wala ya mwilini ili jiwe lionekane linang'aa. Feruzi hunywa mafuta, na baada ya muda samawati yake huweza kugeuka kijani kisichopendeza. Mng'aro wa mafuta ni wa siku mbili. Wa kusugua ni wa miaka.

Jiwe la ukubwa wa haragwe laweza kukuchukua jioni mbili au tatu. Tunakwambia mapema usije ukakata tamaa.

Hatua ya nne: usafi. Acha beseni litulie usiku kucha, mahali ambapo mtoto na kuku hawafiki. Asubuhi mwaga maji taratibu mbali na kisima na bustani ya mboga. Tope lililobaki chini likusanye likiwa bado bichi, ulifunge ndani ya gazeti lililolowa na mfuko, ulitupe. Usiliache likauke, kwa sababu likikauka limekuwa vumbi tena. Sakafu ipanguse kwa kitambaa kibichi, usifagie. Aproni ifue peke yake.

Kuhusu matundu ya kutungia: kutoboa jiwe nyumbani ni hatari na hulivunja. Mpelekee sonara, au zungushia jiwe waya mwembamba wa fedha au wa shaba na kutengeneza kitanzi juu. Kidani cha namna hiyo hupendeza sana.

UKWELI KATIKA BIASHARA

Sasa tuseme neno juu ya kuuza. Sokoni yapo mawe meupe yenye mishipa myeusi, kama haulaiti na magnesaiti, yanayotiwa rangi ya samawati na kuuzwa kwa jina la feruzi. Ukishuku jiwe ulilonunua, chovya pamba kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha na uguse nukta moja tu upande wa nyuma. Pamba ikitoka samawati, umeuziwa rangi. Lakini isipotoka, usiape bado kwamba jiwe ni la kweli, maana zipo bandia nyingine. Mpelekee anayejua mawe.

Wewe ukiuza, mwambie mnunuzi ukweli wote: jiwe hili ni feruzi asilia, lile limeshindiliwa gundi, na lile si feruzi bali linafanana nayo. Kila moja lina bei yake, na mnunuzi aliyeambiwa ukweli hurudi na kuleta jirani zake. Huko Marekani wameona uzito wa jambo hili hata wakatunga sheria mwaka 1990 inayokataza kuuza kazi za mikono kwa kusingizia kwamba zimetengenezwa na Wahindi Wekundu wakati sivyo. Sisi hatuhitaji kungoja sheria. Kitabu cha Mithali, sura ya 11, kinaanza kwa kutuambia namna Bwana anavyoiona mizani ya hila.

KUTUNZA PETE NA KIDANI

Kwa wale walio na pete ya feruzi ya zamani, labda waliyoachiwa na mama au bibi, iliyofifia, msikimbilie msasa mkali. Funika fedha kwa utepe wa karatasi ili isikwaruzike, anza na namba 1500 yenye maji, kisha 2000, kisha ngozi. Kama jiwe linacheza ndani ya pete au lina ufa, mpelekee sonara.

Na ili lisififie tena, vua pete kabla ya kukanda unga, kufua, kuosha vyombo na kupaka losheni. Manukato yatangulie, feruzi ije mwisho. Jioni ivue kwanza, uifute kwa kitambaa laini kikavu, uihifadhi peke yake, kwa sababu mawe magumu zaidi yataikwaruza.

NENO LA MWISHO

Katika Kutoka sura ya 28 tunasoma habari za kifuko cha kifuani cha kuhani: mawe kumi na mawili katika safu nne, na kila jiwe limechorwa jina la kabila moja. Haruni aliingia patakatifu akiwa amebeba majina ya watoto wa Israeli juu ya moyo wake. Tumelifikiria neno hilo mara nyingi tukiwa na beseni mbele yetu. Mama naye anabeba majina kifuani. Mama aliyetuandikia anabeba matatu. Kwa ajili yao anataka kufanya kazi, na kwa ajili yao tunamsihi alete maji kwanza.

Mtoto yule aliyechora nyumba kwenye vumbi sasa ni msaidizi wetu. Hasugui. Kazi yake ni kutuletea maji safi kila tunapobadili msasa, na kulitazama jiwe likikauka dirishani. Macho yake ni mazuri kuliko yetu. Akisema "bado," tunarudia.

Mama, tuandikie utakapomaliza jiwe lako la kwanza. Mungu aibariki kazi ya mikono yako.